Jiko Lililopangwa Ni Kinga: Vyombo, Lebo na Afya ya Familia

Jiko ambalo makopo yake yamepangwa kwa mstari, kila moja likiwa na jina lake, hupendeza macho. Wengi huuona mpangilio huo kuwa pambo tu la nyumba. Kwa mhudumu wa afya, hata hivyo, chombo kisicho na jina ni chanzo kinachojulikana cha ajali za sumu, hususan kwa watoto wadogo.

Chombo cha chakula, chombo cha kemikali

Mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo kidogo, na mara nyingi hutiwa katika chupa iliyokuwa ya maji au ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Huitambua chupa kwa umbo lake, naye akiwa na kiu huinywa. Mafuta hayo yakimpalia huingia mapafuni na kuleta nimonia ya kemikali. Vivyo hivyo, kostiki ya kutengenezea sabuni hufanana na chumvi au sukari, nayo huunguza kinywa na umio.

Kwa hiyo, chombo cha chakula au kinywaji kisitiwe kemikali kamwe, na kilichobeba kemikali kisirudi jikoni hata kikioshwa mara ngapi. Dumu lililokuwa la dawa ya kuulia wadudu lisichotewe maji wala kuhifadhia nafaka. Kemikali zibaki katika vifungashio vyake vya asili, ndani ya kabati lililofungwa, mbali na vyakula. Mtoto akinywa mafuta ya taa, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Kuchagua na kuandaa chombo

Chupa za kioo zenye mdomo mpana, zilizokuwa za jamu au za siagi ya karanga, hufaa sana: huoshwa kwa urahisi, hazishiki harufu na huonyesha kilichomo. Kwa upande wa plastiki, tafuta alama ya glasi na uma, inayoonyesha kuwa chombo kimekusudiwa kwa chakula. Chupa za maji zenye namba 1 ndani ya pembetatu hazikutengenezwa kwa ajili ya uji au chai ya moto. Osha chombo kwa sabuni, kisha kikauke kabisa pamoja na kifuniko chake.

Ukavu huo si jambo dogo. Unyevu hustawisha kuvu, na baadhi ya kuvu huzalisha sumukuvu katika mahindi na karanga. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 kati yao walifariki. Upishi wa kawaida hauiondoi. Kopo zuri haliwezi kuokoa nafaka iliyohifadhiwa ikiwa mbichi. Kausha kwanza, chambua punje zilizovunda, ndipo uhifadhi. Chumvi yenye madini joto nayo ikae katika chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko, ili madini hayo yasipotee.

Lebo inayosema ukweli

Kipande cha karatasi, utepe wa gundi na kalamu ya wino usiofutika vinatosha. Andika jina la kilichomo, tarehe ya kukitia, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyokuwa katika kifungashio. Asiyesoma achorewe picha au atumie rangi. Usimimine unga mpya juu ya wa zamani: maliza uliopo, osha chombo, ndipo ujaze. Kinachotangulia kuisha muda kikae mbele.

Dawa za hospitali zisihamishiwe katika makopo ya jikoni. Pakiti yake hubeba jina, kipimo na tarehe, na joto la jiko huweza kuiharibu dawa.

Wahudumu wa kliniki za watoto na wa ngazi ya jamii wanaombwa kuongeza swali moja katika mazungumzo yao na wazazi: “Mafuta ya taa na sabuni za maji mnaviweka katika chombo gani, na kiko wapi?” Jibu likitaja chupa ya soda chini ya meza, ushauri uanzie hapo.