Mashine ya kahawa inayojiwasha alfajiri: soma kibao kabla ya kuichomeka

Msikilizaji wetu mmoja wa Haneti, wilayani Chamwino, ametuletea swali. Ni mwalimu na mama wa watoto watatu. Wifi yake anayeishi Marekani amemletea zawadi ya mashine ya kahawa yenye saa. Usiku unatia maji na kahawa, unaipangia muda, na alfajiri inajiwasha yenyewe. Mama huyu anaamka saa 10:30, anawasha jiko, anakoroga uji, anawaandaa wawili wa shule huku wa tatu yuko mgongoni. Anauliza, "Niichomeke tu, au kuna la kuangalia?"

La kuangalia lipo, tena kubwa. Usiichomeke bado. Igeuze, usome kibao kidogo kilicho chini au nyuma yake.

Mashine nyingi zinazouzwa Marekani zimeandikwa 120V 60Hz. Umeme wetu Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Adapta ya plagi inayouzwa madukani inabadilisha umbo la meno tu, haipunguzi umeme. Ukiichomeka hivyo, mashine inapokea karibu mara mbili ya volti ilizotengenezewa, na joto kwenye koili linapanda kufikia karibu mara nne. Mashine ya wati 900 inajaribu kufanya kazi ya wati zaidi ya 3,000. Ukibahatika, fyuzi ya ndani inakatika na mashine inakufa kimya. Usipobahatika, ni moshi au moto, na hapo kumbuka kwamba kazi yake ni kujiwasha wakati nyumba nzima imelala.

Ili itumike hapa inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na si ile ndogo ya redio. Kwa mashine ya wati 900, tafuta ya wati 1,500 ili isichemke. Ni nzito na bei yake si ya mchezo. Kibao kikisomeka 220-240V, tatizo hili halikuhusu, endelea kusoma.

Ndani ya mashine hamna pampu. Maji yanatoka kwenye tangi yanashuka hadi kwenye bomba jembamba lililozungushwa na koili ya umeme. Yakipata moto yanatoa mapovu ya mvuke, na mapovu hayo yanayasukuma maji juu, kidogo kidogo, kama sufuria ya uji inavyorusha matone. Kivali kidogo kinayazuia yasirudi kwenye tangi. Juu yanadondokea kwenye kahawa iliyo ndani ya chujio, yanaishia kwenye jagi la kioo. Koili hiyo hiyo inapasha sahani ya chini inayoweka jagi moto.

Ukilielewa bomba hilo utaelewa kwa nini mashine hizi hufa mapema kwetu. Visima vingi vya nyanda za kati vina maji magumu, yenye chumvichumvi. Tazama sufuria yako ya kuchemshia maji, lile tabaka jeupe la chini. Tabaka hilo hilo linaganda ndani ya bomba, njia inaziba, na mashine inabaki kuguruma bila kutoa kitu. Tumia maji ya mvua yaliyo safi, au maji yaliyochemshwa, yakatulia na kumwagwa taratibu bila mashapo. Hata hivyo usiitegemee mashine kuua vijidudu. Maji yachemshwe kwanza. Kila baada ya wiki chache changanya siki na maji nusu kwa nusu, yapitishe hadi katikati, zima, subiri nusu saa, malizia. Kisha pitisha maji matupu mara mbili, la sivyo kahawa ya kesho itakuwa achari.

Sasa saa. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mashine inahesabu kwa saa za Kizungu. Ukitaka kahawa saa 10:45 alfajiri, usiandike 10:45. Itajiwasha saa nne na dakika 45 asubuhi wakati uko darasani. Toa sita, uandike 4:45, na uhakikishe panasomeka AM, si PM. Kwa kawaida unaanza kwa kurekebisha saa yenyewe, kisha unabonyeza kitufe kilichoandikwa PROG au DELAY na kuweka muda wa kuanza. Mwisho unabonyeza AUTO mpaka taa yake iwake. Taa isipowaka, hujapanga kitu.

Umeme ukikatika usiku, mashine nyingi husahau saa, na asubuhi utakuta 12:00 inapepesa na jagi ni tupu. Na zile za Marekani zina jambo jingine: baadhi huhesabu dakika kwa kufuata mapigo ya umeme, 60 kwa sekunde. Kwetu ni 50, na transfoma haibadilishi hilo. Saa ya namna hiyo inachelewa dakika 10 kila saa moja. Uipange saa 2:45 usiku, na baada ya saa nane itakuwa imechelewa dakika 80. Watoto watakuwa wameshaondoka.

Maziwa yasiguse tangi wala kulala kwenye mashine usiku kucha. Yataungua ndani ya bomba au yatachacha. Kahawa iwe ya kusagwa, vijiko viwili vya chakula kwa kikombe. Africafe ni ya kuyeyuka, haihitaji kuchujwa, kwa hiyo kuitia humo ni kupoteza kahawa na umeme.

Gharama ya umeme si kubwa kama wengi wanavyohofia. Wati 900 kwa dakika 10 ni uniti 0.15. Kwa mteja mdogo wa Luku, bei ya msingi ya uniti ni shilingi 100, hivyo ni kama shilingi 15 kabla ya kodi. Lakini akizidisha uniti 75 kwa mwezi, kila uniti ya ziada inakuwa 350. Kinachokula umeme bila kuonekana ni ile sahani ya moto. Ikiachwa saa mbili inaweza kutumia karibu sawa na kuchemsha kwenyewe. Mimina kahawa kwenye chupa ya chai, uzime. Mwenye sola ya taa na simu asijisumbue, haiwezi kuivuta.

Waya usining'inie mezani. Mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote, na jagi litamfuata. Akiungua, mwagilia maji safi ya baridi kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta, kisha mpeleke zahanati.

Tulimuuliza msikilizaji wetu kibao kinasomaje. Kinasoma 120V. Ushauri wetu ni asinunue transfoma kwa ajili ya kikombe kimoja. Jiko la uji linawaka kila jioni, basi achemshe maji hapo, asuuze chupa ya chai kwa maji ya moto kwanza, aijaze hadi juu na kuifunga. Alfajiri maji yatakuwa bado na moto wa kutosha kuyeyushia Africafe, bila kusubiri hata dakika moja. Chai ya maziwa asiilaze humo, inachacha.

Akipenda kahawa ya kusagwa, kuna njia ya mkono. Karatasi ya kuchujia kahawa ilibuniwa mwaka 1908 na mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, aliyechoka na mashapo kwenye kikombe. Alitoboa matundu kwenye chombo cha shaba na kutandika karatasi ya kukaushia wino aliyoitoa kwenye daftari la mwanawe. Mashine nyingi za leo za kuchuja kahawa zinafuata kazi yake. Kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, kikiwekwa juu ya kikombe, kinafanya vivyo hivyo. Maji yawe yameepuliwa sasa hivi, maana ya kwenye chupa yatakuwa yamepoa mno kuitoa ladha vizuri.

Na wifi akiuliza zawadi inaendeleaje, amshukuru. Akitaka kuleta nyingine, amwombe apige picha ya kibao kwanza, aitume kwa simu. Kisomeke 220-240V, 50Hz.