Mzigo Ukikwama Sirari

Biashara ya siku hizi haingoji mtu afungue duka. Mama wa Mugumu, mwenye simu moja mkononi, aweza kuagiza viatu Nairobi asubuhi, akavionyesha kwa wateja wake mchana, na fedha zao zikamfikia kabla ya jua kuchwa. Kijana wa Tarime hufanya vivyo hivyo kwa nguo, mabegi na vifaa vya simu. Kazi hii ni halali, nasi twaisifu, kwani imewapa riziki wengi ambao hawakuwa na kodi ya kulipia chumba cha duka. Lakini simu hupeleka habari tu. Mzigo wenyewe hauna budi kupanda gari, kufika Isebania, kuvuka Sirari, kushuka Tarime, na ule wa Serengeti kuendelea na safari hadi Mugumu. Popote gari lisimamapo, mzigo waweza kukwama.

Leo twapenda kusema habari za mzigo huo uliokwama. Twaona kwamba muuzaji hahukumiwi sana kwa kuchelewa kwa mzigo, maana kila mtu ajua kuwa safari ina mambo mengi. Huhukumiwa kwa mwenendo wake katika siku zile za kungoja.

Jambo hili si dogo kwa mtu wa mtaji mdogo. Tuseme mtu ana shilingi laki tatu, na zote amezitia katika mzigo mmoja. Mzigo ukilala wiki mbili, mtaji wote umelala. Hawezi kuagiza mwingine, na wale waliokwisha kulipa wanapiga simu usiku na mchana. Hapo huja kishawishi cha kuchukua fedha za mteja mpya ili kumtuliza mteja wa zamani. Anayeanza hivyo amejifunga kamba shingoni, kwa kuwa sasa anadaiwa na wawili kwa mzigo ambao haujafika.

Yafaa kwanza tuuelewe mpaka wenyewe. Mstari upitao kati ya Tarime na Kuria ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, ambao hawakuwauliza Wakurya neno lolote, na koo zile zile zikabaki pande zote mbili. Mwezi Februari 1977, mwaka uliovunjika Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, mpaka ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa sahihi mwaka 1999, Umoja wa Forodha ukaanza mwaka 2005, na Soko la Pamoja likafuata Julai 2010. Sheria ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wa vituo vya pamoja vya mpakani, ambapo gari husimama mara moja katika nchi linayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hulihudumia pale pale. Sirari na Isebania ni miongoni mwa mipaka iliyojengewa vituo vya namna hiyo. Kwa hiyo, asemaye kwamba hakuna kilichobadilika hasemi kweli.

Lakini wako wengi waliosikia neno "soko la pamoja" wakadhani kwamba kila kitu kitokacho Kenya huingia bure. Hapo ndipo wanapojikwaa. Nafuu ya ushuru ni ya bidhaa zilizotengenezwa au kuzalishwa ndani ya Jumuiya kwa kanuni zake. Kwa mfanyabiashara mdogo upo utaratibu mwepesi: mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, wenye bidhaa za Jumuiya zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, waweza kupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani. Cheti hicho humwondolea mtu ushuru wa forodha, lakini hakimwondolei kodi nyingine za nchi wala ukaguzi wa afya na ubora. Tena, kiatu kilichotengenezwa China hakigeuki kuwa cha Afrika Mashariki kwa sababu tu kimenunuliwa Eastleigh. Hicho ni bidhaa ya kigeni, na Jumuiya ina viwango vyake vya ushuru wa pamoja, ambavyo kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, na tangu mwaka 2022 kipo pia kiwango cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa.

Sasa tuangalie kwa nini mzigo hukwama. Mara nyingi sababu iko katika karatasi. Risiti imeandika thamani moja, na mzigo ukifunguliwa waonekana una thamani nyingine. Au karatasi yasema "nguo", na ndani mna mafuta ya kupaka. Vyakula na vipodozi huangaliwa na Shirika la Viwango, TBS. Dawa zina mamlaka yake. Mbegu na mimea nazo zina wakaguzi wao. Mtu asiyeuliza mapema kama bidhaa yake yahitaji kibali asishangae ikizuiwa.

Sababu nyingine ni mizigo ya watu wengi kuchanganywa katika gari moja. Mmoja akidanganya, wote wangoja. Ipo tena ya anwani: mzigo umekwisha kuvuka salama, lakini umeandikwa jina la kwanza tu na namba ya simu isiyopatikana, basi unalala ofisini Tarime huku mwenyewe akiilaumu forodha ya Sirari. Tangu kazi kubwa ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi imepata majina na nyumba zimepata namba. Anayeuza vitu kwa simu hana sababu ya kutozitumia.

Muuzaji afanye nini basi, siku iliyoahidiwa ikipita? Kwanza ajue mzigo uko wapi hasa. Asiridhike na jibu la "uko njiani". Aulize: je, umetoka kwa aliyeuuza? Umefika mpakani? Umevuka? Mzigo uliosajiliwa posta una namba ya kuufuatilia yenye herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi ulikotoka; ukitoka Kenya, huishia na KE. Ukipotea, madai hupelekwa posta, nayo yanatakiwa yafike ndani ya miezi sita tangu siku ulipotumwa. Mzigo wa basi hauna ulinzi huo, ila stakabadhi. Stakabadhi iliyoandikwa "mzigo mmoja" tu haimsaidii mtu siku ya kudai. Iandikwe kilichomo, thamani yake, tarehe, na jina la aliyeupokea. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, amwambie mteja kabla mteja hajauliza. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Huzima simu, au husema "kesho" kwa siku kumi mfululizo, wakitumaini kwamba mzigo utatokea na aibu itasahauliwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aseme mzigo ulipo, na sababu aliyopewa. Asitaje tarehe mpya mpaka yeye mwenyewe ameambiwa tarehe hiyo na mwenye kujua. Kisha ampe mteja hiari ya mambo matatu: angoje, achukue bidhaa nyingine iliyopo, au arudishiwe fedha zake. Akichagua fedha, azipate zote bila kukatwa na bila maneno. Ndiyo maana twasema fedha za mteja ziwekwe kando mpaka bidhaa imefika mkononi mwake. Muuzaji asiyeweza kuzirudisha, alikuwa amekwisha kuzila kabla hajazifanyia kazi.

Mapatano haya yaandikwe tangu siku ya kwanza, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: bei, siku za kungoja, nani atalipa ushuru, na itakuwaje mzigo ukichelewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeyatambua maandishi ya namna hiyo kuwa yaweza kuwa ushahidi. Basi mtu asifute ujumbe wake, na asiandike asiloweza kulitimiza.

Iko njia moja ambayo twaikataa kabisa, nayo ni ile ya panya. Mpaka wetu ni mrefu, vijiji vimegusana, na pikipiki hupita usiku. Mtu aliyekwama Sirari mara mbili hushawishika kusema, "Nitapitisha kwa pikipiki." Lakini mzigo uliopita kwa siri hauna karatasi, na usio na karatasi hauna mtetezi. Dereva akitoroka nao, utamshtaki wapi? Ukikamatwa, hutachelewa tena, bali waweza kutaifishwa, na mwenyewe ashtakiwe. Aliyekimbia kungoja siku tano amepoteza mtaji wa miaka mitatu. Tena kila mzigo upitao gizani humfanya ofisa amtilie shaka hata mama yule aliyekuja mchana na risiti yake mkononi.

Hatusemi kwamba wajibu wote ni wa muuzaji. Ofisa anayezuia mzigo amwambie mwenyewe sababu, kwa maandishi, kwa Kiswahili cha kueleweka, pamoja na kiasi anachotakiwa kulipa na mahali pa kukilipa. Asiyejua kosa lake hawezi kulisahihisha, na hapo ndipo mtu wa kati asiye na leseni hujipenyeza akiomba "kitu kidogo". Wasafirishaji nao wajue kwamba kupokea nauli ya mzigo ni kupokea dhamana yake. Jumuiya ilitunga mwaka 2017 sheria ya kuondoa vikwazo vya biashara visivyo vya ushuru. Sheria hiyo haitamfaa muuzaji wa Nyamongo ikiwa hajaisikia, na ikiwa hakuna amwambiaye pa kupeleka malalamiko yake.

Twashauri tena wauzaji wa Tarime na Serengeti washirikiane. Watu kumi wanaoagiza kila mmoja peke yake hulipa mara kumi na huhangaika mara kumi. Wakiungana, waweza kumtumia wakala mmoja wa forodha mwenye leseni, wakawa na orodha moja iliyo safi, na mtu mmoja wa kufuatilia Sirari kwa niaba ya wote. Sharti ni kwamba kila mmoja ataje kweli kilicho chake, maana uongo wa mmoja utawakwamisha tisa.

Mzigo uliochelewa hufika, au fedha zake hurudishwa, na jambo likaisha. Mteja aliyedanganywa hasahau, naye ana simu kama wewe, na majirani zake wote wanamsikia. Muuzaji na ailinde imani ya watu kuliko anavyoulinda mzigo wenyewe, na wenye dhamana ya mpaka nao wamwondolee kila kinachoweza kuondolewa njiani.