Uchanganuzi wa Mtawanyiko wa Masalia katika Kambi za Wawindaji-Wakusanyaji: Funzo la Kalambo kwa Utafiti wa Ndalambo

Makala haya yanafafanua jinsi wanaakiolojia wanavyochunguza kambi za kale za wawindaji-wakusanyaji kwa kuzingatia mahali masalia yalipopatikana. Hoja kuu ni kwamba ukaribu wa vitu viwili ardhini, peke yake, hauthibitishi kuwa vilitumiwa pamoja.

Kwa mtafiti wa Ndalambo, mkoani Songwe, mfano wa kurejelea katika nyanda hizi za kusini-magharibi ni Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia. J. Desmond Clark alianza uchimbaji huko mwaka 1953, akayaeleza baadhi ya matabaka yenye zana za mawe kuwa sakafu za makazi. Hata hivyo, matabaka hayo yamo katika mashapo ya mto. Maji huchukua vibanzi vidogo vya mawe na kuacha zana nzito, hata rundo la mawe likafanana na kambi.

Kwa hiyo, mchimbaji hugawa eneo katika miraba, hupima mahali na kina cha kila kitu, kisha huchekecha udongo. Vibanzi vidogo vikipatikana pamoja na vikubwa, na vikiunganika tena kuwa jiwe moja, yaelekea jiwe hilo lilichongwa papo hapo.

Aidha, wanadamu wenyewe huhamisha taka. O'Connell, Hawkes na Blurton Jones, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, walilinganisha kazi walizoshuhudia katika kambi za Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, na taka zilizobaki. Taka kubwa huondolewa penye shughuli. Chembe ndogo husalia. Kwa hiyo, mifupa mikubwa huweza kuonyesha jalala, wala si mahali pa kazi.

Mwaka 2023, watafiti walitangaza kuwa magogo mawili ya Kalambo, yenye umri usiopungua miaka 476,000, yaliunganishwa kwa makusudi. Ushahidi haukuwa kukaribiana kwake tu, bali pengo lililochongwa ili gogo moja likae juu ya jingine, pamoja na alama za zana.

Basi Ndalambo nako, kipimo kitangulie mkono. Zana iliyookotwa kabla ya kupimwa hubaki zana, lakini ushahidi wa kambi yake hupotea.