Umri wa Tairi Umo Mkononi mwa Dereva

Ukitaka kuzua mjadala usiokwisha katika steji yoyote ya pikipiki huku mitaa ya mashariki ya Nairobi, uliza swali moja tu: tairi la nyuma hukaa muda gani? Mmoja atakujibu miezi mitatu. Wa pili atamcheka, aseme la kwake limefika miezi minane na bado lina meno. Wa tatu ataapa kwamba yuko mwalimu amjuaye aliyekaa na tairi moja miaka miwili. Kila mmoja atamwona mwenzake mwongo, kumbe huenda wote watatu wanasema kweli.

Mjadala huo nimeusikiliza kutoka Pumwani mpaka Kayole, na nimeona una mafunzo kuliko unavyodhaniwa. Ndugu msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu usidhani nakupeleka ugenini. Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, una Majengo yake kama Mombasa ilivyo na Majengo yake. Una Msikiti wa Riyadha, na barazani Kiswahili ndicho kizungumzwacho tangu enzi za mababu. Hata matairi ya Pumwani ni yale yale yauzwayo Kongowea.

Jina la bodaboda lilianzia mbali, huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli waliwavusha watu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Pikipiki zilifurika mijini baada ya mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo. Tangu hapo Boxer na TVS kutoka India zimejaa kila kona, toka Barabara ya Jogoo hadi vichochoro vya Dandora. Boxer ya 150 huvaa tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, na ya pili ni kipenyo cha rimu. Basi tairi la nyuma lina upana wa inchi tatu tu, na pale linapogusa ardhi hapazidi kiganja cha mkono. Juu ya kiganja hicho hukaa dereva, abiria, na pengine gunia la viazi.

Ndiyo maana wakiulizana habari za tairi huwa wanauliza la nyuma. Hilo ndilo linalosukuma chombo, kwa kuwa mnyororo wa injini umefungwa kwake, na hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo. La mbele kazi yake ni kuongoza na kushika breki, na aghalabu huishi zaidi ya mwenzake.

Sasa tuwatazame wapandaji wanne, wa namna inayopatikana katika mitaa hii, tuone kwa nini majibu yao hayafanani. Hesabu nitakazotoa ni za makadirio yao wenyewe.

Wa kwanza ni kijana wa Kayole. Pikipiki si yake. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki baada ya petroli ndicho chake. Kwa hiyo hukimbia. Hupakia abiria wawili, ingawa sheria inataka mmoja, hupita njia za mawe na mashimo, na akiitwa na mteja hukanyaga breki ya nyuma mpaka gurudumu lisimame na tairi liburuzike. Kila mburuzo huo hula mpira mahali pamoja. Kwa siku huenda kilomita 100 hivi, siku 26 za mwezi, na tairi lake humaliza miezi mitatu.

Wa pili ni mtu mzima wa Buruburu, mwenye chombo chake mwenyewe. Wateja wake ni wa kudumu: watoto wa shule, mama wa dukani, mzee anayekwenda kliniki. Huenda kilomita 70 kwa siku, hafukuzani na mtu, na kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali hupima upepo. Tairi lake hukaa miezi minane.

Wa tatu hupeleka vifurushi kutoka maduka ya Eastleigh hadi katikati ya jiji na Eneo la Viwanda. Huyu huwa juu ya lami kutwa, kilomita 150 kwa siku, bila ya abiria, na mzigo wake ni mwepesi. Tairi lake hukaa miezi minne, nalo huliwa katikati tu, likawa bapa kama meza, huku pembeni meno yakiwa yamesimama.

Wa nne ndiye yule mwalimu anayesifiwa. Anakaa Jericho na shule yake haiko mbali. Kwenda na kurudi ni kilomita 15, siku 22 kwa mwezi. Tairi lake lilitimiza miaka miwili ndipo akalibadilisha, na hakulibadilisha kwa kuisha meno. Lilikuwa limepasuka nyufa ubavuni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tufungue daftari. Kijana wa Kayole: kilomita 2,600 kwa mwezi mara miezi mitatu, jumla 7,800. Mtu mzima wa Buruburu: 1,820 kwa mwezi mara minane, jumla 14,560. Mpeleka vifurushi: 3,900 mara minne, jumla 15,600. Na mwalimu? Kilomita 330 kwa mwezi mara miezi 24, jumla 7,920.

Umeona ajabu hiyo? Tairi la mwalimu lililosifiwa mtaa mzima halikwenda mbali kuliko lile la kijana anayelaumiwa kwa kuliua. Limemzidi kwa kilomita 120 tu. Na tairi la mpeleka vifurushi, ambalo kwa hesabu ya miezi lingehukumiwa kuwa bovu, ndilo lililosafiri kuliko yote. Kupima tairi kwa miezi ni sawa na kupima maji kwa kijiti cha kupimia nguo. Tairi halijui Ramadhani wala Shawwal, linajua njia, uzito, joto na upepo uliomo ndani yake.

Upepo ndio unaosahauliwa kuliko vyote. Tairi lenye upepo mdogo hulala, likakunjika kila linapozunguka. Mkunjo huo huzaa joto, joto hudhoofisha mpira, na kingo za pembeni huliwa upesi. Lenye upepo wa kupita kiasi husimama juu ya uti wake, likaliwa katikati, na kila shimo hulipiga kwa nguvu. Watengenezaji hutaka tairi la nyuma litiwe upepo kuliko la mbele, na uongezwe kidogo kama kutakuwa na abiria. Lakini hapa kwetu wengi hupima kwa kidole gumba au kwa teke, na teke halisomi kipimo. Fundi wa pancha mwenye pampu na kipimo yuko karibu na kila steji, na kazi yenyewe haichukui muda wa kunywa kahawa.

La mwalimu nalo lina sababu yake. Mpira huzeeka hata kama hautembei. Jua, hewa na miaka huukausha, ukaanza kupasuka kama udongo wa kiangazi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zilizochongwa mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 1423, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2023. Muuzaji anaweza kukupa tairi jipya la kung'aa, lina vijinywele vyake vya mpira, kumbe limelala ghalani miaka minne. Soma tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha.

Turudi kwa kijana wa Kayole, kwani yeye ndiye aliyenishughulisha zaidi. Ni rahisi kumlaumu kwamba hana subira. Lakini tazama alivyofungwa. Tuseme tairi ni shilingi 3,000. Kwa siku 78 za kazi, linamla karibu shilingi 38 kila siku. Mwenzake wa Buruburu, kwa siku 208, linamla shilingi 14 na ushei. Kijana analipa zaidi ya mara mbili kwa kitu kile kile. Mpole anaokoa fedha, na mwenye haraka anatozwa faini kila siku bila ya kuona risiti.

Tena, ni nani anayelipa? Hapo ndipo ugomvi ulipo. Katika mapatano mengi, petroli na pancha ni juu ya dereva, na vifaa vikubwa ni juu ya tajiri. Tairi limekaa katikati kama mtoto wa talaka. Tajiri husema dereva ndiye aliyelimaliza kwa breki zake, basi alinunue. Dereva husema chombo si chake, hawezi kumvisha viatu mtoto wa mwenzake. Wanapovutana, siku zinapita na tairi linazidi kuwa kipara. Wako hata mafundi wanaochonga mifereji upya kwa kisu katika mpira uliokwisha, ili tairi lionekane lina meno. Hilo ni kulivisha maiti kanzu ya harusi, kwa sababu mpira uliobaki umekuwa mwembamba zaidi kuliko kabla ya kuchongwa.

Na anayelipa mwishowe si tajiri wala si dereva peke yake. Mifereji ya tairi imewekwa ili kuyapisha maji pembeni, mpira ushike lami. Tairi kipara halina pa kuyapeleka maji. Huelea juu yake kama ngalawa, na chombo kinachoelea hakina breki. Katika mvua za masika, barabara za huku huchanganya maji, matope ya sokoni Gikomba na mafuta yaliyovuja katika magari. Abiria aliyekaa nyuma, pengine mama na mtoto wake mgongoni, hakuulizwa kama ameridhika na tairi lile. Yeye ameweka amana ya roho yake kwa mtu asiyemjua, kwa nauli ya shilingi hamsini.

Dawa niliyoiona kwa watu wenye busara ni mbili, na zote hazina gharama kubwa. Ya kwanza ni mapatano ya mapema. Tajiri na dereva wakae siku ya kwanza, waseme wazi tairi ni la nani, na ikiwezekana waliandike. Wako wanaoweka shilingi 30 kando kila jioni kabla ya hesabu, zikae kwa mtu wanayemwamini. Baada ya siku 100 za kazi, shilingi 3,000 ziko pale zinangoja, na hakuna wa kumnunia mwenzake.

Ya pili ni macho. Ubavuni mwa tairi zimo herufi TWI. Zifuate mpaka kwenye mfereji, utaona kigingi kidogo cha mpira kimejitokeza chini. Meno yakishuka yakawa sawa na kigingi hicho, umri umekwisha, hata kama jana tu lilikuwa linapendeza. Abiria naye ana macho. Kabla ya kupanda, tazama gurudumu la nyuma kama unavyomtazama samaki sokoni. Ukiliona linang'aa bila meno, mshukuru dereva, umwambie utamngoja mwingine. Akipoteza abiria watatu kwa siku moja, atajua bei ya upara kuliko akihubiriwa mwaka mzima.

Sisi wa pwani tumekua tukiwaona manahodha wakipitisha mikono juu ya kamba za tanga chombo kikiwa bado kimefungwa gatini. Nahodha hangoji kusi ivume ndipo akague kamba. Anajua kwamba kamba haimwonei mtu, humrudishia alivyoitendea. Tairi nalo ni hivyo hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa tairi ukipuuzwa, ukuta wake hujengwa hospitalini.

Basi mtu akikuuliza tairi la pikipiki hukaa muda gani, usimtajie miezi. Muulize anapita njia gani, anabeba nini, hupima upepo lini, na chombo ni cha nani. Akimaliza kukujibu, atakuwa amejijibu mwenyewe.