Mbatata za Mkesha wa Watakatifu



Zamani Wakristo wa Ayalandi hawakula nyama siku ya mkesha wa Watakatifu Wote, tarehe 31 Oktoba. Walipika kolkanoni, nasi twaweza kuipika.

Chemsha mbatata na maganda yake hata ziive. Zimenye, uziponde zingali moto. Kabichi ikate nyembamba, uichemshe mbali, uikamue maji. Changanya vyote kwa mwiko pamoja na maziwa ya moto, majani ya vitunguu na chumvi. Ukiisha kupakua, fanya shimo katikati, utie siagi. Kila mtu achote pembeni, achovye humo.

Lakini chakula hiki kina habari ya msiba. Maskini wengi wa nchi ile walitegemea mbatata peke yake. Mwaka 1845 ugonjwa ukaziozesha shambani, na njaa iliyofuata ikaua watu wapata 1,000,000. Wala si kwamba chakula kingine hakikuwapo: nafaka zilipakiwa merikebuni kwenda Uingereza, na maskini hawakuwa na fedha ya kuzinunua.

Basi tupande muhogo, ndizi na viazi pamoja, tusitegemee kimoja. Na kabla ya kupakua, tuulize: je, jirani yetu amepika?