Lami Yaja Pwani: Mwenye Gari la Kulala Atalala Wapi?

Ukitoka katikati ya mji wa Arusha kwa barabara ya Moshi, hukawii kufika Kimandolu. Katika mitaa ya upande huo wa mji zimo gereji ambazo mafundi wake wamezoea kazi za aina moja: kurefusha bodi za Land Cruiser, kukata mapaa ili mtalii asimame na kutazama wanyama, na kuchomelea vyuma vya kubebea mahema juu ya magari. Karibu kazi yote hiyo hutazama magharibi, yaani Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Ni nadra kumsikia mtu wa Arusha akitengeneza gari ili ashuke nalo mashariki, baharini.

Sisi tulifanya hivyo. Shemeji yangu, ambaye ni fundi, alipata Toyota Coaster kuukuu iliyokwisha kazi ya abiria. Aling'oa viti vyote isipokuwa vinne, akaunda kitanda cha mbao nyuma, akafunga jiko dogo la gesi, tanki la maji la lita 100, na choo cha kubebeka ambacho mke wangu alikifanya sharti la kwanza la safari. Watoto wa mtaani walilizunguka wiki nzima wakidhani ni gari la chanjo. Mzee mmoja jirani, alipoelezwa kwamba watu watalala humo kwa hiari yao na hali wanazo nyumba, alitusikitikia waziwazi.

Tuliondoka Julai 2023. Mtu wa Kimandolu anayekwenda Pangani hana haja ya ramani kubwa. Akiyafuata maji atafika. Mto Themi, unaoshuka kutoka Meru na kupita mjini Arusha, huingia katika Kikuletwa. Kikuletwa nao hukutana na Ruvu, mto utokao upande wa Kilimanjaro, katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Na kutoka hapo maji hayo huitwa Pangani mpaka baharini. Barabara kuu hupita Moshi, Mwanga, Same na Mombo, milima ya Upare na kisha ya Usambara ikiwa mkono wa kushoto, na reli iliyofika Arusha mwaka 1929 haikai mbali nayo. Hale tuliukuta mto wetu ukizalisha umeme. Usiku wa kwanza tulilala Korogwe, uwanjani mwa nyumba ya wageni. Mwenyewe alitutoza bei ya chumba ingawa hatukuingia chumbani, nasi tuliona ni haki, maana maji na mlinzi vilikuwa vyake.

Hayo ya bara hayana shida kubwa. Nililokusudia kulieleza linaanzia Tanga.

Kutoka Tanga kwenda kusini, barabara hupita Machui, kijiji alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962, kisha Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyo miongoni mwa mengi zaidi kukusanyika mahali pamoja katika pwani yote ya Waswahili. Katika miamba ya eneo hilo, Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwa kuwa hakubakiwa na mabaharia wa kuendesha meli tatu. Msafiri mwenye nyumba yake mgongoni, kama konokono, angependa kupumzika mahali kama hapo, apike chai, asikilize bahari, na kesho yake amlipe kijana wa kijijini amwonyeshe makaburi.

Lakini jioni ile tulibisha hodi katika hoteli moja ya ufukweni tukaambiwa hapana nafasi ya gari lisilochukua chumba. Tukaegesha chini ya minazi. Saa nne usiku walikuja mgambo wawili na tochi. Wakauliza tumeripoti kwa nani. Hatukuwa tumeripoti kwa mtu. Sikuwalaumu wakati ule wala siwalaumu leo: gari lenye mapazia, wageni wasiojulikana, ufuko wenye giza, na pwani ambayo imeyajua magendo tangu zamani. Kama ningekuwa mimi ndiye mgambo, ningeuliza maswali makali zaidi. Tulikunja godoro, tukaendesha gizani katika barabara iliyokuwa bado inajengwa, katikati ya vifusi, mtoto mmoja akilia, mpaka tukapata kituo cha mafuta. Hapo ndipo tulipolala, harufu ya dizeli ikiwa imechukua mahali pa upepo wa bahari.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu barabara ile haitabaki kama ilivyokuwa. Njia ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, yenye urefu wa kilomita 246 hivi, ni sehemu ya ushoroba wa pwani unaoanzia Malindi na kupita Mombasa, Lunga Lunga na Horohoro. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za awamu ya kwanza, zaidi ya dola milioni 380 kwa Kenya na Tanzania pamoja, na katika mradi huo limo daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Sisi tulivuka kwa kivuko, tukiwa pamoja na pikipiki, mbuzi na akina mama wenye madumu. Kwa anayewahi hospitali ya ng'ambo, daraja ni uhai, na mtu asitafute mashairi katika foleni ya kivuko. Lakini daraja na lami havileti mabasi peke yake. Huleta pia mnunuzi wa viwanja.

Huyo tulimtangulia kidogo tu. Upande wa kusini wa mto, kupita Bweni na kuelekea Ushongo, ziko fukwe ambazo sidhani kama nimewahi kuona nzuri kuzishinda. Kati ya barabara na bahari tulihesabu mawe ya mipaka, nguzo za saruji na seng'enge mpya katika mashamba ya minazi ambayo hayakuwa na nyumba hata moja. Mara tatu tulifuata njia ya gari iliyokuwa, kwa maelezo ya wenyeji, njia ya wavuvi, tukaishia kwenye geti lenye kufuli.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari, mto au ziwa. Maofisa wanaosoma ukurasa huu wanaijua kuliko mimi. Lakini mita 60 zilizo nyuma ya uzio wa mtu, ambazo hapana njia ya kuzifikia, ni za umma kwa karatasi tu. Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kuelezwa. Anayepita kutoka Paje kwenda Michamvi, upande wa mashariki ya Unguja, huona kuta na mageti mengi kuliko anavyoiona bahari yenyewe, na mvuvi hutafuta kichochoro cha kupitishia nyavu zake.

Na mita hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kupendeza. Mbele ya Pangani kipo Kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa walikuwa wakitaga mayai mchangani kwa wingi. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha kuanguka, na leo Maziwe ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Bahari ikitaka kusogea haisomi hati ya kiwanja. Gari la kulala lina hekima yake hapo: asubuhi huondoka, na mahali lilipokuwa hubaki alama ya magurudumu tu.

Wako waliotutangulia katika jambo hili. Huko Australia, katika jimbo la Victoria, iko barabara ya pwani iitwayo Great Ocean Road, yenye kilomita 243, karibu sawasawa na hii yetu. Ilijengwa kati ya 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kwa sururu na koleo, iwe ukumbusho wa wenzao waliokufa. Miji midogo iliyokuwa ikitegemea boti na njia mbovu za msituni ilifunguka. Lakini sehemu kubwa ya ukingo wa bahari ilibaki ardhi ya umma, na juu ya ardhi hiyo vikawekwa viwanja ambavyo mwenye gari la kulala hulipa ada, hupata maji na choo, na sehemu ya ada hiyo hurudi kuutunza ufuko. New Zealand, kwa upande wao, walichoshwa na wageni waliolala popote na kuacha uchafu. Walitunga sheria mwaka 2011, na mwaka 2023 wakaikaza: gari lisilo na choo kilichofungwa ndani yake haliruhusiwi kulala katika maeneo ya halmashauri yaliyotengewa magari yanayojitosheleza. Mke wangu aliposikia habari hizo alinitazama bila kusema neno.

Ombi langu basi si hoteli, wala si mradi mkubwa. Kabla bei ya ardhi haijapanda mpaka kijiji kishindwe kujizuia, kila kijiji kikubwa katika njia hii na kitenge eneo moja, ekari mbili au tatu, nyuma ya zile mita 60, lenye njia ya wazi ya kufika baharini. Liwe na kisima au bomba, vyoo viwili, shimo la kumwagia maji machafu, pipa la taka na mlinzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na hapana kinachokizuia kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya wote. Wakala wa Barabara wanaweza kuonyesha mahali pa kuchepukia pasipo hatari, na halmashauri ya wilaya ikaweka ada moja inayojulikana na kibao kinachosomeka. Mgambo atakuwa na mahali pa kuwapeleka wageni badala ya kuwafukuza, na jina la kila aliyelala litakuwa katika daftari.

Najua nitakaloambiwa: magari hayo ni mangapi hata tuyatengee ardhi? Leo ni machache. Lakini Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005 na ya pekee bara ambayo simba na tembo wake huishi kandokando ya bahari, tulikuta familia kutoka Afrika Kusini waliokuwa njiani miezi minne, na vijana wawili wa Nairobi wenye hema juu ya paa. Wote walikuwa wakiulizana swali moja, usiku unaofuata watalala wapi. Wote walikuwa wakinunua samaki, nyanya, mkaa na dizeli mahali walipolala, si mahali walipopita. Tena msisahau wenyeji. Meli huleta magari kutoka Unguja hadi Dar es Salaam. Mtu wa Visiwani mwenye gari dogo na hema la watoto angeweza kupanda Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga na kuwaona jamaa zake wa pwani hii, ambao babu zao walivuka kwa jahazi. Eneo la kijiji halitamuuliza kama gari lake lina kitanda.

Usiku mmoja tu tuliupata kama tulivyouota Kimandolu. Katika kijiji kimoja kusini ya Pangani, baada ya yale ya mgambo, tulianza safari hii kwa mwenyekiti. Tulimkuta kibarazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, starehe." Alisikiliza maelezo yetu mpaka mwisho, akalizunguka gari, akachungulia ndani. "Lina choo?"

"Linacho, mzee."

"Basi mna heri kuliko shule yetu," akasema.

Alituonyesha uwanja ulio karibu na ofisi ya kijiji, chini ya mkwaju, hatua mia moja hivi kutoka majini. Jioni tulikaangiwa changu na mama mmoja wa jirani, watoto wakacheza mpira na wenzao mpaka giza likaingia, na kijana wa kijiji alilala kwenye mkeka kando ya gurudumu la mbele. Asubuhi nilipouliza tunadaiwa nini, mwenyekiti alifikiri kwa muda mrefu. Hakuwahi kuulizwa swali hilo. Tulikubaliana shilingi elfu kumi za kijiji, mbali na za mlinzi. Akachana ukurasa wa daftari, akaandika, "Gari moja, usiku mmoja, watu watano," akapiga muhuri. Najua maofisa wa mapato watauliza mashine ya risiti ilikuwa wapi. Ilikuwa haijafika, kama lami. Kisha mzee akaniuliza kama wale wapimaji waliopita na vigingi vyekundu watarudi, na kama wakirudi watauacha mkwaju.