MWENYE JOHO NAYE HUSHTAKIWA

Mkulima wa Bonga, kando ya mji wa Babati, akiuza mbaazi na ng'ombe ili apate wakili wa kesi ya shamba, hanunui maneno makubwa, ananunua uaminifu. Wakili akila ada kisha asionekane mahakamani, kesi hutupwa, shamba hupotea, na imani ya mtu yule katika sheria hupotea pia. Wengi hunyamaza, wakidhani kwamba mwenye joho hashtakiki. Dhana hiyo ni ujinga, nao ujinga ni adui.

Sheria ya Mawakili, iliyotungwa mwaka 1954 zama za ukoloni na ambayo leo ni Sura ya 341, ilianzisha Kamati ya Mawakili. Humo huketi Jaji wa Mahakama Kuu, upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wakili aliyependekezwa na Chama cha Mawakili wa Tanganyika. Mwananchi yeyote aweza kupeleka lalamiko kwa maandishi, wakili hupewa nafasi ya kujibu, ushahidi hupimwa. Akionekana ana hatia, Kamati yaweza kumwonya, kumsimamisha kazi kwa muda, au kufuta jina lake katika daftari la mawakili.

Upanga huo huwafikia hata wakubwa. Fatma Karume, aliyepata kuwa Rais wa Chama hicho, alisimamishwa na Mahakama Kuu mwaka 2019. Mwaka 2020 Kamati ikamfuta. Naye akakata rufani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo. Basi haki ina njia mbili: mlalamikaji asikilizwe, na mlalamikiwa asionewe.

Lakini ndugu zangu, wanaopima ni watu wa kazi moja na anayepimwa. Kwa hiyo yafaa mashauri haya yaende upesi na sababu za hukumu zielezwe waziwazi, mwananchi asije akasema kwamba wenye joho wanafichana.

Nasi tuna wajibu wetu. Tudai stakabadhi kwa kila shilingi. Tuhakikishe kwamba jina la wakili limo daftarini, maana kishoka asiyemo hana joho la kuvuliwa na Kamati. Huyo ni wa polisi. Wala tusimshtaki wakili kwa sababu tumeshindwa kesi tu: kushindwa si kosa, kosa ni hiana.

Asiyejua haki yake hudhulumiwa mara mbili.